Chumba Kilichomo Ndani ya Kijiko

Kijiko chenyewe ni cha kawaida kabisa. Ni cha chuma kisichoshika kutu, kirefu kidogo kuliko kiganja changu, na mpini wake hauna nakshi yoyote isipokuwa mfereji mwembamba unaofuata ukingo. Nilikilaza chali juu ya karatasi nyeupe, dirisha likiwa upande wangu wa kushoto, nikafungua programu ya kuchorea na kujiwekea lengo moja: nikichore kwa vekta mpaka mtu akikitazama atamani kukiokota. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Imenichukua siku tisa, na katika siku hizo nimejifunza kuhusu mwanga mambo ambayo miaka yote ya kuchora nembo na aikoni haikunifundisha.

Kwa ambaye hajawahi kugusa vekta, niseme hivi. Picha ya kamera ni vijidoa vya rangi, yaani pikseli, vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Mchoro wa vekta hauna vigae, una maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi hii. Ndiyo maana unaukuza kutoka ukubwa wa ukucha hadi ukubwa wa ukuta na kingo zake zinabaki kali vilevile. Lakini uzuri huo ndio ugumu wake. Kamera hukusanya kila kilicho mbele yake bila kuulizwa. Kwenye vekta hakiingii kitu mpaka mchoraji akiamue. Kila doa la mwanga lina umbo, kila umbo lina mpaka, na kila mpaka sharti ujue ni mkali au ni laini. Mwenye brashi anaweza kupapasa rangi kwenye turubai mpaka ikae sawa. Mimi nikipapasa napata nodi zilizozagaa tu, yaani vile vituo ambavyo mstari wa vekta hupitia.

Nilianza kama nilivyozoea. Nikachora umbo la nje, nikalijaza gradienti, yaani rangi inayobadilika polepole, kutoka kijivu cheupe kushoto hadi kijivu kizito kulia, nikaongeza kidoa cheupe upande wa kushoto kwa kuwa dirisha liko kushoto. Nikasogeza kiti nyuma nitazame. Nilikuwa nimechora kijiko cha plastiki. Kilikuwa safi, kimenyooka, kila kitu mahali pake, lakini plastiki. Nikaongeza gradienti nyingine juu ya ile ya kwanza, kikawa plastiki yenye vumbi. Siku mbili nzima nilihangaika hivyo, nikibadilisha kijivu kimoja kwa kingine, na kila kijivu kilinirudisha palepale.

Kosa lilikuwa kule kuamini kwamba chuma ni kijivu. Plastiki isiyong'aa hupokea mwanga na kuusambaza kila upande, kwa hiyo juu yake mwanga na giza hupokezana taratibu, na gradienti ndefu inatosha kuieleza. Chuma kilichong'arishwa hurudisha mwanga kwa mpangilio, kama kioo. Kile tunachokiita rangi ya kijiko ni dirisha, dari, ukuta, ukingo wa meza na yule anayekitazama, vyote vikiwa vimefinywa na kupindwa na umbo lake. Kwa kuwa ni taswira ya vitu, weupe mkali unaweza kukaa ubavuni kabisa mwa weusi mzito bila kijivu chochote cha kuwapatanisha. Nilipokikaribia kijiko chenyewe, uso ukiwa shubiri moja tu kutoka kwake, niliona kwamba sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nakiita kijivu haikuwapo. Palikuwa na weupe, palikuwa na weusi, na mipaka yao ilikuwa mikali kama imekatwa kwa wembe.

Tena dirisha halikuwa kushoto. Hili lilinishangaza, na bado kila nikilifikiria naona raha. Kichwa cha kijiko, pale pa kuchotea, kimebonyea. Upande wake wa kulia ndio unaoelekeza uso wake kushoto, kwa hiyo ndio unaolikabili dirisha, na mng'ao unatua kulia. Ukikigeuza kijiko kifudifudi, mgongo wake uliobinuka unalileta dirisha kushoto, na taswira inasimama wima. Ukikirudisha chali, taswira inapinduka: dari chini, meza juu. Mkono wangu ulikuwa umeweka kidoa cheupe kushoto kwa mazoea ya kuchora mipira na vitufe, vitu vilivyobinuka. Mtazamaji hawezi kukutajia kosa hilo, pengine hata halijui, lakini jicho lake linajua. Linaona mng'ao uko kushoto, linahitimisha kwamba uso umebinuka, na kijiko kinageuka yai.

Basi nikaanza upya, na mara hii sikuanza na kijiko. Nilianza na chumba.

Wapiga picha wa vyombo vya chuma wanajua jambo hili tangu zamani. Hawakipigi taa kijiko, wanapanga kitakachoonekana ndani yake. Wanakizungushia kitambaa cheupe ili kila upande uwe na kitu cheupe cha kuakisi, kisha wanasimamisha vipande vya kadi nyeusi pale wanapotaka ukingo ujitenge na mandhari. Nikafanya vivyo hivyo. Niliweka kadi nyeusi upande wa kulia, karatasi kubwa nyeupe nyuma, nikaliacha dirisha jinsi lilivyo. Papo hapo kijiko kikapata mifupa. Utepe mweusi ukashuka kando ya mpini, ukafika shingoni, ukagawanyika mara mbili kama mto unaokutana na jiwe, kisha kila tawi likazunguka upande wake wa kichwa. Nilitumia saa nzima nikiutazama mgawanyiko ule kabla sijagusa kipanya. Pale shingoni chuma kinabadilika kutoka umbo la fito hadi umbo la kibakuli, na utepe ule wa weusi unatoa ramani yote ya mabadiliko hayo bila mstari wa ziada. Ukiupata utepe, umelipata umbo. Ukiukosea kwa upana wa unywele, shingo inaonekana imevunjika.

Kuna watu wataniuliza kwa nini sikupiga picha nikaiachia programu ifuatishe yenyewe. Nilijaribu, kwa uaminifu kabisa, siku ya tatu. Nilipata vipande zaidi ya elfu moja, vyenye kingo zilizochakaa kama kipande cha gazeti kilicholowa. Kwa mbali kilikuwa kijiko. Kwa karibu hapakuwa na umbo hata moja ambalo ningeweza kulitaja jina: hili ni dirisha, hili ni dari. Programu ilikuwa imehesabu tofauti za rangi bila kujua kwamba pale pana dirisha. Picha niliihifadhi kwa ajili ya vipimo tu, urefu wa mpini kwa upana wa kichwa, na nadhani hapo ndipo mahali pake. Mengine yote niliyatoa kwenye kijiko chenyewe, kikiwa mezani kando ya skrini.

Umbo la nje sitalizungumzia sana, ila jambo moja. Toleo langu la kwanza lilikuwa na nodi thelathini na kitu, la mwisho lina kumi na mbili. Kila nodi ya ziada ni nafasi ya kosa, ni mahali ambapo mpindo unaweza kusita. Nodi nilizoziacha ziko pale mpindo unapofika mwisho wake wa juu, chini, kushoto na kulia, na pale shingo inapoanza na kuisha. Mikono ya nodi, vile vijiti viwili vinavyotoka kwenye nodi na kuuvuta mpindo, ndiyo inayofanya kazi yote. Mipindo hii ilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau wa Citroën alipata njia ya kuikokotoa mwaka 1959, lakini kampuni ikaitunza kama siri, na Pierre Bézier wa Renault ndiye aliyeitangaza katika miaka ya 1960, ndiyo maana inaitwa kwa jina lake. Walichokuwa wakitafuta ni namna ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari. Na wakaguzi wa bodi za magari hutazama jinsi taa ndefu zinavyoakisiwa juu ya bati. Utepe wa mwanga ukitiririka bila kukatika, bati ni laini. Ukipinda ghafla, pana bonde ambalo mkono usingelisikia. Nilipolifikiria hilo nikaelewa kwa nini kijiko changu cha nodi thelathini kilionekana kama kimekanyagwa.

Mipindo hiyo, pamoja na nguvu zake, haiwezi kutoa hata duara kamili. Tunaunga minne, kila mmoja robo, mikono yake ikiwa takriban 0.5523 ya nusu kipenyo, na tofauti inayobaki haifiki sehemu 3 kwa 10,000. Hakuna jicho litakaloiona. Napenda kujua kwamba kila duara nililowahi kuchora ni karibu-duara.

Sasa gradienti, kwa sababu hapa ndipo siku nyingi zilipokwenda. Si kila mpaka ndani ya kijiko ni mkali. Dirisha lina ukingo wa wembe upande mmoja, na upande wa pili linayeyuka polepole kuelekea kwenye dari. Mipaka mikali ni rahisi: maumbo mawili yanakutana, basi. Mipaka laini inahitaji gradienti, na nilipoziweka nikaanza kuona kitu cha ajabu. Katikati ya mteremko kutoka kijivu hadi cheupe palitokea mstari mwangavu, mwembamba, unaopita kijiko kizima kama mkwaruzo. Nikalifuta umbo, nikalirudia, mstari ukarudi. Nikapima rangi kitone kwa kitone kwa zana ya kuchukulia rangi: hakuna mstari. Namba zilipanda taratibu mpaka kwenye kituo cha gradienti, kisha zikabaki sawa. Mstari ulikuwa ndani ya jicho langu.

Mwanafizikia Ernst Mach aliueleza mstari huo mwaka 1865, na mpaka leo mistari ya namna hiyo inaitwa kwa jina lake. Pale ambapo mwanga unabadilisha mwendo wake ghafla, ulikuwa unapanda na sasa umetulia, macho yetu hutia chumvi kwenye kona hiyo na kuifanya ing'ae kuliko ilivyo, au iwe nyeusi kuliko ilivyo. Gradienti ya programu inakwenda kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo kila kituo ni kona. Kwenye chuma halisi mwanga hauna kona za aina hiyo pale uso unapopinda taratibu. Dawa yake ni kuongeza vituo viwili vitatu karibu na mwisho wa mteremko, kila kimoja kikipunguza kasi kidogo, kama dereva anayekanyaga breki mapema badala ya kusimama kwa kishindo. Nilirekebisha gradienti zote kumi na nne kwa namna hiyo. Mikwaruzo ile ikatoweka yote, na hapo kwa mara ya kwanza kichwa cha kijiko kikaingia ndani ya skrini, kikabonyea kweli.

Ningeweza kutumia gradienti ya wavu, ile inayotandaza gridi juu ya umbo na kila makutano yakashika rangi yake. Kati ya programu za kuchorea vekta, Illustrator inayo tangu mwaka 1998, na Inkscape iliipata mwaka 2017. Ni zana yenye nguvu na nimeona watu wakitoa nayo nyuso za binadamu zinazotisha kwa uhalisia. Lakini haimo kwenye SVG ya mwaka 2001, muundo wa faili za vekta unaosomwa na programu nyingi, ambao unajua gradienti za aina mbili tu, ya mstari na ya duara, na mimi nilitaka faili langu lifunguke popote bila kuharibika. Zaidi ya hapo, kwa chuma, naona wavu unaleta ulaini usiohitajika. Unakushawishi ulainishe kila kitu. Chuma kinataka ukali, na ulaini kidogo tu unaojua mahali pake.

Rangi nazo zilinipotosha kwa njia yake. Nilikuwa na hakika kwamba karatasi chini ya kijiko ni nyeupe. Nyeupe ni nyeupe. Nikaijaza nyeupe tupu, na dirisha ndani ya kijiko nalo nyeupe tupu, na mng'ao ukafa. Haukuwa na pa kwenda, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha kufika kileleni. Nilipopima kwenye picha nikakuta karatasi ni kijivu chepesi, na upande wa kivuli ni kijivu kizito kuliko sehemu kadhaa za chuma nilizokuwa naziita za giza. Edward Adelson, mtafiti wa uonaji katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha jambo hili mwaka 1995 kwa mchoro wa ubao wa miraba ambao mcheduara, umbo kama la mkebe, umetupa kivuli juu yake. Mraba mmoja wa nje ya kivuli unaonekana mweusi, mwingine wa ndani ya kivuli unaonekana mweupe, kumbe ni kijivu kilekile. Hata ukishaambiwa, jicho linakataa. Nikaishusha karatasi yangu chini, weupe tupu nikauwekea dirisha peke yake pamoja na vistari vitatu vya ukingoni, na kijiko kikawaka kama mtu amefungua pazia.

Ukingo huo wa kijiko ni mdogo, hauzidi unene wa kadi ngumu, nami nilikuwa nimeuruka kabisa. Kumbe ndio unaompa mtazamaji habari kwamba hiki ni chuma chenye unene na si karatasi iliyokatwa. Nilipokikuza niliona mistari mitatu imelala sambamba: mweusi wa ndani ambako kibakuli kinaanza, mweupe wa juu ambako ukingo umesuguliwa ukawa mviringo, kisha mweusi mwembamba zaidi wa nje. Hiyo mistari haina upana mmoja. Mweupe unanenepa upande wa dirisha, unakonda kwenye ncha, unapotea kabisa kwa kipande kifupi karibu na shingo, kisha unaibuka tena. Kuuchora kama mstari wa programu wenye upana sawa kote kunauua. Kila mmoja niliuchora kama umbo, lenye kingo mbili, na kazi hiyo peke yake ilikula siku nzima.

Mikwaruzo nilitaka nisiichore. Lakini kijiko kilichotumika miaka hakikosi mikwaruzo, na nilipotupia michache ovyo ovyo kilionekana kimechorwa na paka. Nikarudi kutazama. Mikwaruzo halisi inaelekea kila upande, lakini haionekani yote kwa pamoja. Inayong'aa ni ile tu iliyolala kwa pembe inayoweza kuurudishia jicho mwanga wa dirisha, na hiyo inajipanga kama vipande vya duara vinavyouzunguka mng'ao, mithili ya utando wa buibui. Ukikisogeza kijiko, duara linahama pamoja na mng'ao. Nikachora vipande ishirini na viwili, vyembamba mno, vyenye uwazi mkubwa, vyote vikiuzunguka mng'ao wa kulia na kufifia kadiri vinavyoondoka. Unapotazama mchoro mzima huvioni. Ukivizima, kijiko kinakuwa kipya kutoka dukani.

Kivuli kilikwenda haraka kwa kuwa kufikia hapo nilikuwa nimeshajifunza kuuliza kabla ya kuchora. Kijiko kilicholala chali kinaigusa karatasi mahali pawili: chini ya kichwa na karibu na ncha ya mpini. Hapo kivuli ni chembamba na cheusi. Kati yake shingo inapaa, na kivuli kinajitenga nayo, kinapanuka na kulegea. Nilikijenga kwa maumbo sita yenye uwazi, moja juu ya jingine, badala ya kichujio cha ukungu. Upande wa dirisha, kando ya mpini, karatasi ilikuwa na utepe mwembamba wa mwanga, mwangavu kuliko karatasi yenyewe: mwanga uliogonga ubavu wa mpini na kurushwa chini. Nilikaribia kuuruka. Umbo moja tu, nodi nne, na ndio unaokifanya kijiko kiwe kinaigusa karatasi ile na si nyingine.

Likabaki doa moja. Chini ya katikati ya kichwa palikuwa na umbo jeusi lisiloeleweka, pana kiasi juu na jembamba chini, kama mbegu iliyogeuzwa. Kwa siku kadhaa nililiona kama uchafu, nikalichora hafifu, kisha nikalifuta ili kibakuli kiwe safi. Kilipokuwa safi kikawa bapa. Nikarudisha uso wangu karibu na kijiko nitafute kilichokosekana, na lile doa likakua. Nikainama zaidi, likajaa karibu kibakuli chote. Nikainua mkono wa kulia, na upande mmoja wa doa ukachomoza kitu chembamba.

Mchoraji Jan van Eyck, mwaka 1434, alichora kioo kilichobinuka kwenye ukuta nyuma ya mume na mke walioshikana mikono, na ndani ya kioo kile kuna watu wawili wamesimama mlangoni, mahali anapokaa mtazamaji. Nimeiona picha hiyo mara nyingi sana kwenye skrini, na siku zote nilidhani wale wawili ni pambo la fundi anayeonyesha uwezo wake. Sasa nadhani hakuwa na hiari sana. Kioo bila mtu mbele yake kingekuwa tundu.

Nikalirudisha doa. Nilikaa vile ninavyokaa siku zote nikichora, mgongo umepinda kidogo kuelekea kulia, nikalifuata kama lilivyo: mabega juu, kichwa chini, nodi saba, weusi usiofika mwisho, ukingo wa kushoto mkali na wa kulia umeyeyuka kuelekea kwenye mwanga wa dirisha. Kibakuli kikabonyea tena. Kwenye orodha ya matabaka, kati ya umbo liitwalo dari na umbo liitwalo meza, nililipa jina la mimi, nikahifadhi faili.